Chumba Kisichofagiwa

Siku tulipoihama nyumba yetu ya Al Khoudh, wapagazi walisogeza kabati la vitabu la mama, na nyuma yake likatoka vumbi la miaka. Nyinyi mliokulia Maskati mnalijua vumbi lile. Ni jepesi, la rangi ya unga wa dengu, linapenya hata kama madirisha yamefungwa na kiyoyozi kinanguruma, na likiguswa na maji linanukia kama chungu kipya. Wapagazi walikohoa wakaenda kufungua madirisha. Mimi nilikaa juu ya sanduku nikashindwa kuinuka. Mume wangu alidhani nimeingiwa na huzuni ya kuhama, nikamwacha adhani hivyo.

Mama yangu alikuwa mtu wa hisabati. Alizaliwa Unguja, akaletwa Oman akiwa msichana, akapelekwa kusoma Uingereza, na akarudi na shahada ambayo Bibi, mama yake mzazi, hakuweza kuieleza kwa majirani hata kwa kuapa. Alisomesha chuo kikuu, dakika kumi kwa gari kutoka nyumbani. Nilipokuwa na miaka saba hivi, watu aliosoma nao wakamwita Ulaya. Walikuwa wanatengeneza chombo cha kwenda sayari ya Mirihi, chombo kisicho na mtu ndani, na walimtaka apige hisabati za njia yake: kiondoke vipi, kigeuke wapi, kipunguze mwendo lini kisije kikapitiliza. Chuo kilimpa ruhusa. Akawa anakaa huko miezi mitatu au minne, kisha anarudi kwetu kwa wiki chache, na begi la makaratasi, na sweta ambalo Maskati lilikuwa na kazi ya kuchekwa tu.

Baba naye hakuwa akikaa nyumbani. Alifanya kazi kwenye visima vya mafuta huko jangwani, wiki mbili kazini, wiki mbili kwetu, na kwa hesabu ya haraka alikuwa akikosekana nusu ya mwaka. Hakuna jirani hata mmoja aliyewahi kuuliza nani anamlea mtoto wa yule bwana. Lakini wanawake waliokuja kwa Bibi baada ya sala ya alasiri, kunywa kahawa na kula halwa, hawakuondoka bila ya kumuulizia mama. Wakisikia bado yuko Ulaya, walitazamana, na mmoja wao akasema kwa upole kabisa kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Bibi alimtetea mwanawe kwa maneno makali yaliyofunikwa na tabasamu. Wageni wakishatoka, akiosha vikombe, aliyasema yaleyale peke yake pale bombani, tena kwa uchungu kuliko wao. Mimi niliyasikia yote mawili, na la pili ndilo nililoliamini.

Mama alipiga simu kila Ijumaa. Nilikuwa nikingoja wiki nzima, kisha nikishika simu nikakosa la kusema, yeye akajaza kimya kwa kunisimulia chombo. Alikiita mtoto. Mtoto leo kapimwa joto, mtoto leo kapimwa baridi, mtoto kagoma kunyanyua mkono. Sauti yake ilichangamka akifika hapo, na mimi nilikuwa natafuta kama ilichangamka hivyo alipouliza habari zangu. Nilikionea wivu chombo kile, na nilikichukia. Nilikiona hasa, kimekaa kwenye kitanda safi katika chumba cha baridi, na mama kavaa sweta kwa ajili yake.

Sasa lazima niseme jambo la kwetu ambalo wengine huenda hawalijui. Msafiri akitoka nyumbani, nyumba haifagiwi mpaka ije khabari kuwa kafika. Ukifagia nyuma yake unafagia nyayo zake, na aliyefagiwa nyayo ama hafiki aendako, ama harudi. Bibi alikuja na mila hiyo kutoka Unguja na hakuitilia hata chembe ya shaka. Mama akishaondoka kwenda uwanja wa ndege, makombo ya sambusa za kumuagia yalikaa kwenye vigae vya sebule na hakuna aliyethubutu kuyagusa. Simu ikilia kesho yake, Bibi alisema "Kafika, alhamdulillah," na ndipo aliposhika ufagio wake wa chelewa. Niliyaona haya kwa macho yangu, safari baada ya safari. Hatukufagia, na mama alifika. Hakuna somo la shule lililowahi kuthibitishwa kwangu namna ile.

Chombo kiliporushwa, mama alikuja nyumbani kupumzika. Alitandaza makaratasi yake kwenye sakafu ya chumba chake cha kazi, kile chenye kabati la vitabu, akatuita mimi na Bibi tuketi. Alichukua kokwa za tende akatuonyesha: hii ardhi yetu, hii Mirihi, na hii ndogo ndiyo chombo, kipo njiani, na safari yake ni ya miezi kumi. Nikamuuliza kama basi nyumba isifagiwe miezi kumi. Bibi alicheka akasema chuma hakina kwao.

"Kina kwao, mbona," alisema mama. "Kwao hapa. Mie si ndo mamaake? Basi chumba hichi msikifagie mpaka kifike."

Alikuwa anatania, na nusu ya utani wenyewe ilikuwa kumzuia Bibi asimvurugie makaratasi. Mimi sikusikia utani. Nilisikia kuwa chombo kina kwao, na kwao ni kwetu, na mama yake ni mama yangu.

Mama akarudi Ulaya, chumba kikafungwa. Bibi alikuwa akifungua mlango mara mojamoja, anachungulia, anasonya, anaufunga. Vumbi lilikaa juu ya makaratasi, juu ya kiti, juu ya kokwa za tende zilizoachwa pale sakafuni. Mimi niliingia kwa siri nikaandika jina langu juu ya meza kwa kidole. Baada ya wiki mbili lilikuwa limefutika.

Mwaka ule nilikuwa nakaribia kukhitimu msahafu. Nilikuwa mtoto mvivu, kila mtu anajua, lakini mama aliniahidi kitu kimoja kabla ya kuondoka: siku utakayokhitimu, popote nilipo, ntakuwepo. Basi nilisoma. Nilisoma nikiwa na homa, nilisoma mpaka mwalimu akamuuliza Bibi kama mtoto hajambo. Watoto wenzangu walikuwa wanasoma kwa ajili ya zawadi na halwa. Mimi nilikuwa nasoma ili mama apande ndege.

Siku ilipopangwa, mama alipiga simu katikati ya wiki, nami moja kwa moja nikajua.

"Mwanangu, ntashindwa," alisema. "Chombo kinafika wiki hiyohiyo. Siwezi kutoka hapa hata saa moja. Unanielewa?"

Nikasema naelewa. Nikampa Bibi simu, nikaenda kukaa bafuni juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Khitma yenyewe ilikuwa nzuri, watu wote walisema hivyo. Nilivaa kanzu ya kijani yenye nyuzi za dhahabu, nikatembezwa mtaani na watoto wenzangu, mmoja anasoma dua na sisi tunaitikia amin, wanawake wanaturushia lozi na peremende. Baba aliomba ruhusa kazini akaja, na walimsifu siku nzima kwa kuja kwake. Mke wa mwalimu alimuuliza Bibi mama wa mtoto yuko wapi. Bibi akajibu kuwa yuko kazini, na yule mama akaitikia "Aa," akaninyooshea mtandio wangu ambao haukuwa umepinda.

Alasiri wageni walipokwisha, Bibi alijilaza kwa uchovu na baba alikwenda msikitini. Mimi nilikuwa bado na kanzu ya kijani. Nilichukua ufagio wa chelewa nyuma ya mlango wa jiko, nikaingia chumba cha mama, nikafunga mlango. Niliyanyanyua makaratasi moja moja nikayaweka kitini kwa mpangilio wake, maana sikutaka kumkera kwa hilo. Kisha nikafagia kama Bibi alivyonifunza, kutoka ukutani kuja mlangoni, pole pole vumbi lisiruke. Nilifagia mpaka chini ya kabati nilipoweza kufika. Nikakusanya, nikatoka nalo nje ya geti, nikalitupa barabarani.

"Usifike," nikakiambia kile chombo, kwa sauti, mchana kweupe.

Nilifurahi. Nisiseme uongo hapa. Nilirudi ndani nikanawa miguu, nikala halwa iliyobaki, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilihisi njaa imenitoka. Sikuwaza kuwa nimefanya baya. Niliwaza kuwa mtoto yule akishapotea, mama hatakuwa na mtoto mwingine ila mimi.

Siku ya tatu yake, tumekaa mkekani kwenye sinia la wali na samaki, simu ililia. Baba alipokea. Alisikiliza muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Mkono wa Bibi ulibaki juu ya sinia. Aliuliza nani, na sauti haikuwa yake.

"Mzima, mama, mzima," alisema baba, akiwa ameifunika simu kwa kiganja. "Chombo chao ndo kimepotea."

Alituelezea baadaye, kwa jinsi alivyofahamu. Chombo kilifika karibu na sayari, kikazunguka upande wa nyuma ambako hakiwezi kusikika, na walitegemea kikitokea upande wa pili kitatoa ishara. Wakangoja. Hakikutoa ishara saa ile, wala usiku ule, wala asubuhi yake. Mama alikuwa bado kakaa mbele ya mashine, hataki kuondoka. Baba aliposema hivyo Bibi alianza kulia, yeye aliyesema chuma hakina kwao. Mimi sikulia. Wali ulikuwa umeniganda mdomoni, na nilijua jambo moja tu: nimeua.

Siku hiyohiyo, jua likichoma, nilitoka na bakuli kutafuta vumbi langu. Barabarani hapakuwa na kitu, upepo ulikuwa umeshalichukua. Nikachota mchanga pembeni ya geti, nikauchekecha kwa chujio la chai, nikaingia chumbani nikaunyunyiza kwa vidole juu ya vigae, juu ya meza, juu ya kiti. Nikarudisha makaratasi chini kila moja mahala pake. Nilidhani labda bado kuna wakati. Kwa siku nyingi niliongeza mchanga kidogo kidogo, na kila simu ilipolia nilikimbia kusikiliza kama kimeonekana.

Mama alirudi baada ya wiki tatu. Uwanja wa ndege alinikumbatia kwa nguvu, na nilihisi mifupa yake ndani ya sweta. Nyumbani hakula. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba chake cha kazi akafungua mlango, nasi nyuma yake. Alisimama akiitazama ile sakafu.

"Mmekiacha kweli," alisema. "Hamkufagia."

"Si ulisema mwenyewe," Bibi alimjibu.

Mama alikwenda jikoni akarudi na ufagio. Bibi alitaka kumpokea, akakataa. Aliinama akaanza ukutani kuja mlangoni, akifagia mchanga wangu huku machozi yanamdondoka puani, na hakuyafuta. Alifagia mpaka punje ya mwisho. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango, na nilijua kuwa nikifungua mdomo wangu hata kusema "pole mama," jambo lote litatoka.

Kwa hiyo sikuufungua. Ilianza kuwa siku moja, ikawa wiki, ikawa karibu mwaka mzima. Kwa Bibi na shuleni nilisema maneno machache ya lazima. Kwa mama sikusema hata moja, nilijibu kwa kichwa. Nilikojoa kitandani, mtoto mkubwa vile. Mama alikuwa ameshika tena kazi yake ya kusomesha, ananipeleka shule na kunirudisha, ananipikia wali ambao chini umeungua na juu haujaiva, anakaa ukingoni mwa kitanda changu baada ya sala ya isha na kuniuliza nimesoma nini. Nami nageukia ukuta. Kila nilipomtazama niliona nywele zake zilivyoota mvi na mikono ilivyokonda, nikajiambia ni ufagio wangu. Wakubwa husema mchuma janga hula na wa kwao, na mimi niliona nimeligawa sinia zima, kila mtu na fungu lake, hata baba ambaye akirudi kutoka jangwani alikuta nyumba haina kicheko. Bibi alisema kimya kingi kina mshindo, akanipeleka kwa mwalimu kusomewa. Mama akanipeleka kwa daktari. Daktari, bwana mpole mwenye miwani, alimwambia mbele yangu kuwa mtoto hana ugonjwa, ana kinyongo, na kuwa amemkosa mama yake muda mrefu mno. Mama aliitikia kwa kichwa, kama nilivyokuwa nikiitikia mimi.

Nilirudi kusema kidogo kidogo, kwa namna watoto wanavyochoka hata na hofu. Mama hakusafiri tena. Alizisomesha hisabati za mwaka wa kwanza, zilezile kila mwaka, mpaka akastaafu. Watu wa nyumbani tuliamini kuwa kule Ulaya walimwachisha kazi baada ya chombo kupotea, na kwa kuwa lilikuwa jambo la aibu, hakuna aliyemuuliza. Wale wanawake wa alasiri wakawa wanamsifu. Sasa ametulia, walisema, sasa kawa mama.

Nilimwambia mama nikiwa mtu mzima. Nilikuwa nimejifungua, likizo yangu ya uzazi imekwisha, na kila asubuhi namwacha mtoto kwake nikienda kazini Ruwi. Miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, na Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Siku hiyo nilichelewa kuondoka kwa sababu mtoto aling'ang'ania shela yangu, nikaketi nikasema, kwa mzaha wa mtu aliyechoka, naogopa na huyu atakuja kunifagilia. Mama akauliza kunifagilia vipi. Nikamsimulia yote, kanzu ya kijani, geti, mchanga wa chujio.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Akaniambia chombo kile kiliuliwa na vali, kijidude cha ukubwa wa kidole, iliyoganda kwa baridi. Uchunguzi ulichukua miezi, na mwisho wake walimwandikia kuwa hisabati zake zilikuwa sawa mpaka nukta ya mwisho. Kicheko kikaanza kumwisha taratibu. Nikamwona anafikiri, macho yapo juu ya mtoto lakini hayamwoni.

"Kwa hivyo ule mwaka wote ulokuwa husemi nami," alisema, "ilikuwa hiyo?"

"Ndiyo, mama. Nliogopa."

"Mie nlidhani umenkasirikia. Waliniita tena, unajua. Walikuwa wanaanza cha pili, na hisabati zote ziwe chini yangu. Nkawambia siwezi, mwanangu hasemi."

Hakulisema kwa kunilaumu. Angelisema kwa kunilaumu, ningepata la kujibu. Nikamuuliza kama angekwenda, lau mimi ningekuwa nasema kama watoto wengine. Mama hakuwa mtu wa kusema uongo, hata wa kumfurahisha mtu.

"Ningekwenda," alisema, akampokea mtoto mikononi mwangu, akanihimiza niondoke kabla barabara haijajaa.

Niliendesha gari mpaka Ruwi na sikumbuki taa hata moja. Nilichokuwa nakiona ni magharibi moja ya miaka iliyopita, nina miaka kama kumi na mitatu, nimekaa sebuleni mbele ya taarifa ya habari. Kwenye televisheni kulikuwa na chumba kimejaa mashine, na watu waliovaa fulana za rangi moja wakiruka na kukumbatiana, na mwanamke mmoja, wa umri wa mama, ameshika kichwa kwa mikono miwili analia kwa furaha. Mama alikuwa amesimama nyuma ya kochi, na kitambaa cha jikoni mkononi. Alitazama mpaka mwisho. Nikageuka kumuuliza kuna nini.

"Wamefika," alisema.

Kisha akaniuliza kama nimemaliza hisabati zangu za shule. Nikamwambia nimemaliza. "Nionyeshe," alisema, akafuta mikono, akaketi pembeni yangu, akaanza kuzisahihisha toka ya kwanza.